Masinia Mawili ya Askale

Askale alikuwa na tabia moja iliyoniudhi miaka yote tuliyopakana ua: hakumruhusu mtu kuingia kwake akatoka na njaa, hata kama mtu mwenyewe alikuja kugombana. Na mimi nilikwenda kugombana mara nyingi. Kuku wake walikuwa wakichakura vitunguu vyangu, nami si mtu wa kumeza maneno. Nafika mlangoni nimefura, naye ananiambia, "Zewdie, nawa mikono kwanza. Utanitukana tukishakula." Tukishakula, matusi yenyewe siyaoni tena yalikokwenda. Narudi nyumbani nimeshiba, vitunguu vimekwisha, na sijasema kitu.

Nyumba zetu zilikuwa mjini Debre Birhan, upande wa juu, nyuma ya kanisa la Mikaeli, mahali ambapo upepo wa baridi hauna adabu na kila ua unanuka moshi wa kuni. Mumewe, Worku, alikuwa mfumaji wa mazulia ya sufu. Mtu mrefu, wa maneno machache, mcha Mungu wa kweli, wa kukesha kanisani amesimama na fimbo yake huku wenzake wanasinzia. Walizaa watoto watatu, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, akabaki Tariku. Huyo alikua akawa fundi wa malori, na alipopata kazi hakuhama. Alijengewa chumba cha nyuma, ndani ya ua uleule, ili asile mbali na mama yake.

Katika nyumba ile hakuna aliyekula peke yake. Askale alikuwa na mesob, kile kikapu kirefu cha kulia chenye kifuniko, aliyoisuka mwenyewe kwa majani mekundu na ya kijani alipokuwa msichana. Sinia moja la injera, mkate wetu mpana na laini, liliwekwa juu yake na wote wakakaa kuizunguka. Ukichelewa, unasubiriwa. Ukikasirika, unasubiriwa pia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana watu wenye njaa wanakutazama.

"Mtu akila peke yake anajaza tumbo tu," aliniambia. "Hiyo hata mbuzi anaweza, Zewdie."

Wakishanawa mikono, Worku alisimama akasali Baba Yetu, akaikata injera ya kwanza, kisha Askale akaanza kazi yake. Alimega kipande, akakizungushia mchuzi, akafinyanga tonge, akamlisha mtu mdomoni kwa mkono wake. Alianza daima na aliyenuna, na hakukosea kumjua. Kwetu tonge la kulishwa halitolewi moja. Ukimpa mtu moja ukaacha, umemwambia kwamba mapenzi yako yameishia hapo. Lazima la pili lifuate, na anayelishwa ataapa ameshiba, atashika tumbo, atainua mikono, lakini mwisho atafungua mdomo.

Siku niliyomzika mume wangu nilikaa nyumbani kwangu nimekaza meno. Sikulia, sikula. Wanawake wa chama chetu cha mazishi walileta vyakula, nikawafukuza. Askale akaja na sinia, akakaa sakafuni mbele yangu, akanyoosha tonge. Nikamwambia aondoke. Hakuondoka, mkono umenyooka tu. Nikamtukana, mkono uko palepale. Nilipofungua kinywa kumtukana tena akaniingizia. Mchuzi ukanitiririka kidevuni, nikaanza kulia, na nikiwa ninalia akaniingizia la pili. Toka siku hiyo nilikula kwao kila sikukuu kama ndugu, ingawa kuku wake tuliendelea kuwagombania.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Yeye na Worku walioana mbele ya wazee, kwa ngoma na pombe ya shayiri, hawakufunga ndoa ya kanisa. Kwa hiyo, kama wengi wetu, hawakuikaribia meza ya Bwana. Kila Jumapili alisimama upande wa wanawake akatazama watoto wachanga wakibebwa kwenda kupokea, kisha akarudi nyumbani bila kupokea. Walikuwa wamekubaliana kwamba uzeeni wataifunga ndoa yao mbele ya Abba Kidane, kasisi wa nyumba yao, na siku hiyohiyo watapokea pamoja. Alikuwa amesokota pamba ya mashuka mawili meupe ya kujitanda, lake na la mumewe, akayaweka sandukuni kwa ajili ya siku hiyo.

"Ile meza sijaifikia," alisema siku moja akiifuta mesob yake vumbi. "Mungu amenipa hii ya majani kwanza. Naogopa nikiichafua hii, ile nitapewa ya nini?"

Basi ikaja ile Pasaka.

Ijumaa ya Kusulubiwa sisi hatuli wala hatunywi mpaka jua lizame. Tunashinda kanisani tunainama na kuinuka mpaka magoti yanakataa. Mwaka ule Tariku alikuwa njiani, upande wa Dessie, anatengeneza lori lililoharibika. Alirudi Jumamosi akiwa mweusi kwa grisi. Alfajiri ya Pasaka, tulipotoka kanisani, tulikaa kuizunguka mesob sisi wanne. Mfungo mrefu umekwisha, mchuzi wa kuku unanukia mpaka barabarani, na kila mtu ana furaha ya kijinga ya mtu mwenye njaa.

Mimi nikamtania Tariku, "Umekonda, mwanangu. Huu mfungo umekula mpaka masikio yako."

Akacheka. "Mimi mfungo wangu uliisha mapema, shangazi. Juzi Ijumaa, kwa mbavu za mbuzi."

Alidhani tutacheka. Mkono wa Worku ulikuwa unakwenda kwenye sinia, ukasimama.

"Umesema nini?"

"Baba, nilikuwa na njaa. Nimelala chini ya lori siku mbili. Wenzangu walichoma nyama, nikala nao."

"Ijumaa ya Msalaba?"

Hapo kijana mwenye akili angeinamisha kichwa. Lakini Tariku alikuwa amechoka, na alikuwa mtoto wa Worku. Akasema, "Mungu hakai ndani ya sufuria, baba."

Worku akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Naapa kwa Mikaeli," akasema, "mkono wangu hautakutana na mkono wako katika sinia moja. Hautakutana!" Akatoka nje akasimama kwenye upepo bila shuka lake. Askale alibaki ameshika kifuniko cha mesob. Hakuna aliyekula kuku yule.

Kiapo cha Mikaeli hapa kwetu si cha kuchezea. Mtu akishakitamka, hawezi kukirudisha mwenyewe hata akijuta kabla hajafunga mdomo. Ni kasisi wa nyumba tu anayeweza kumfungua, na hata yeye hafungui mpaka waliogombana wapatane kwanza. Na kupatana kuna njia yake: aliyekosa abebe jiwe shingoni, ainame miguuni pa aliyekosewa, aombe. Aliyekosewa akiliondoa jiwe kwa mkono wake, yamekwisha. Kila mtu anajua hivyo, mpaka watoto wanaocheza uani.

Wazee walikwenda kwa Tariku. Akawaambia, "Jiwe nitabeba kanisa likijengwa. Sijaua mtu. Nimekula mbavu za mbuzi." Wakaenda kwa Worku, wakamwomba yeye ndiye awe mkubwa, amwite mtoto. Akawaambia, "Ninyi mnataka Msalaba ndio uombe radhi?" Abba Kidane naye alijaribu, akaondoka akitikisa kichwa, na akawaeleza wazi kwamba ndoa na meza ya Bwana havitawezekana maadamu mmoja wao ana ugomvi na mtoto wake. Nilimwona Askale siku ile akifunga sanduku lake la mashuka. Alilifunga taratibu, akakaa juu yake.

Baba na mwana wote walikuwa vichwa vigumu, na kila mmoja aliuita ugumu wake kwa jina zuri. Worku aliuita imani, Tariku aliuita ukweli. Mimi nilikuwa na jina jingine la kuuita, na nililitamka uani kwa sauti ili wote wawili walisikie.

Tangu hapo Askale alipakua masinia mawili. La kwanza alimwekea Worku kwenye mesob, akasimama naye wakati wa sala, akala matonge mawili matatu. Kisha akalifunika la pili kwa kitambaa, akavuka ua na upepo wake mpaka chumba cha nyuma, akasali tena na Tariku, akala matonge mawili matatu. Kote kuwili hakushiba. Mvua ikinyesha alivuka, akiumwa mgongo alivuka. Nilimwambia, "Waache wajipakulie wenyewe, madume wazima! Nyumba moja, wanaume wawili, na wewe unakimbizwa huku na huku kama kuku wako."

Akakaa kwenye kizingiti changu. "Zewdie, nikisali pale nasema utupe mkate wetu. Nikivuka nasali kule, nasema tena utupe mkate wetu. Wetu sisi na nani? Kila nikifika kwenye neno hilo ulimi unakwama." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Zamani tulipokuwa kwenye sinia moja nilijua Bwana amekaa nasi. Sikumwona, lakini nilijua. Sasa akija atakaa wapi? Akikaa kwa Worku, Tariku yuko peke yake. Akikaa kwa Tariku, mume wangu yuko peke yake. Nataka kuwaona kwenye sinia moja kabla sijafa. Sitaki kitu kingine. Hata ile meza ya kanisani nitaisamehe."

Nikaingia bustanini nikamng'olea vitunguu vyote ambavyo kuku wake walikuwa wamebakiza.

Miaka ilipita hivyo, Pasaka baada ya Pasaka. Tariku hakuoa. Worku alizeeka. Wakikutana uani walisalimiana kwa heshima, Tariku akainama, Worku akaitikia, tena Tariku alimpasulia baba yake kuni na Worku alimfumia mwanawe blanketi la sufu. Hawakuchukiana, na hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Kila kitu walipeana isipokuwa kile alichokitaka mama.

Halafu Askale akaanza kukwamwa na chakula kooni. Mwanzoni alisema ni pilipili. Baadaye injera haikupita kabisa, akawa anakunywa uji mwepesi, kisha maji ya uji. Hospitali walimtazama, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu, wakamwambia mumewe maneno ambayo sisi wanawake tulikwisha kuyajua. Aliyelisha mtaa mzima sasa hakuweza kumeza. Na bado alipika. Alikaa kwenye kigoda jikoni akinielekeza mimi, "Ongeza kitunguu, usiwe na mkono wa birika," akanusa mvuke, kisha akayabeba masinia yake mawili. Alipoishiwa nguvu za kubeba nikayabeba mimi, naye akanifuata nyuma akishika ukuta.

Sasa ilikuwa Jumanne, katika majuma yale baada ya Pasaka ambayo hatufungi. Jua la asubuhi lilikuwa zuri. Nilikuwa bustanini kwangu nakata kabichi, nikamwona Askale akitoka jikoni. Alikuwa amelibeba shingoni lile jiwe la juu la kusagia pilipili, amelishika kwa mikono yote miwili, na shingo yenyewe ilikuwa imebaki mifupa. Akatembea mpaka katikati ya ua, kati ya milango miwili, akapiga magoti.

"Askale! Una wazimu? Shusha hilo jiwe!"

"Nyamaza, Zewdie, hili si lako." Sauti yake ilikuwa imekauka. Akaikusanya iliyobaki, akaita, "Worku! Tariku! Nimekosa. Nisameheni."

Worku akatoka chumba cha kufumia na nyuzi za sufu vidoleni. Tariku akatoka kwake akiwa kifua wazi, sabuni usoni. Walisimama kila mmoja mlangoni pake, wamemkodolea macho.

"Mama, wewe umekosa nini?" Tariku akasema, na sauti yake ikavunjika kama ya mtoto.

"Nimekuwa na watu wawili," akasema Askale. "Mmoja nimemzaa, mmoja nimezeeka naye. Nimewapikia maisha yangu yote, na hawawezi kula pamoja. Basi kosa ni la mpishi."

Tariku akaja mbio. Akalitoa jiwe shingoni kwa mama yake, nami nikadhani atalitupa. Hakulitupa. Alilipandisha shingoni mwake mwenyewe, akavuka ua akiwa na sabuni usoni, akaanguka miguuni pa baba yake. "Nimekosa, baba. Ile Ijumaa nilikosa, na ile Pasaka nilikosa zaidi. Nisamehe kwa ajili ya Mungu."

Worku aliinama kwa shida. Akaliondoa jiwe, akaliweka chini kwa upole. "Nimekusamehe," akasema. "Mungu atusamehe sote wawili." Akamwinua, akambusu bega hili na hili, na sabuni ikampaka ndevu. Mimi nililia juu ya kabichi zangu bila aibu.

"Zewdie," akaita Askale, bado yuko magotini. "Acha majani hayo uje unisaidie. Leo tunakula."

Nilipita penye tundu la ua, mzee mzima kama mimi. Kulikuwa na mchuzi wa kuku uliobaki, nikaupasha moto, nikatandika injera kwenye sinia moja. Askale akaifuta mesob kwa shuka lake mwenyewe. Tariku alinawa akaja akakaa. Worku alikaa pia, lakini mikono yake ilibaki magotini.

"Nawa, baba Tariku," akasema Askale.

Worku akakohoa. "Mama Tariku, kupatana tumepatana. Lakini kiapo hakijafunguliwa. Abba amekwenda kumzika dada yake kule Menz, anarudi Jumamosi asubuhi. Nitamwendea palepale anifungue, na mchana tutakula sote, tena nitachinja jogoo. Na ndoa yetu nitamwambia siku hiyohiyo. Tumesubiri miaka yote hii. Tusimkosee Mikaeli kwa ajili ya siku chache."

Sikuweza kujizuia. "Mikaeli ana kazi nyingine, baba Tariku! Hakai mbinguni anachungulia sinia lako!"

"Usikufuru, Zewdie," akasema, na hakukasirika. Aliogopa kweli. Alimwogopea Askale, kwamba yeye mwenyewe akivunja kiapo adhabu itamwangukia mkewe mgonjwa. Hilo alikuja kuniambia baadaye, na nilimwamini.

Askale hakubishana. Alimega injera, akachukua kipande cha yai, akakizungushia mchuzi, akafinyanga tonge taratibu. "Basi usiguse sinia," akamwambia mumewe. "Mkono wako ndio ulioapa. Wangu haujaapa. Nakulisha mimi." Akaunyoosha mkono.

Worku alilitazama lile tonge. Nilimwona akimeza mate. Tariku alimtazama baba yake, na mimi nilimtazama Mungu, maana sikujua nimtazame nani.

"Jumamosi, Askale," akasema Worku. "Jumamosi nitakula yote mawili kutoka mkononi mwako. Nakuahidi."

Mkono wa Askale haukushuka. Mchuzi ulimtiririka mpaka kiwiko. Ni mkono uleule ulionisubiri mimi siku ya msiba wangu, ila siku ile ulikuwa na nyama, ungeweza kunisubiri mpaka usiku. Sasa ilimbidi auegemeze kwa mkono wa pili, na Worku akainuka akatoka, kwa sababu angekaa angeshindwa. Mimi nami sikuweza kuutazama tena. Nikatoka kwenda kupuliza moto wa kahawa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Alhamisi Askale aliniambia nifungue sanduku, niyaanike yale mashuka mawili meupe juani. "Yananuka sanduku," alisema. "Jumamosi Abba anakuja." Alikuwa na furaha, nasema kweli, macho yake yalikuwa yanacheka. Worku alikwenda sokoni akarudi na jogoo mwekundu, akamfunga mguu kwenye nguzo ya ua wangu. Jogoo huyo alichakura vitunguu siku nzima, nami nikamwacha.

Ijumaa jioni Askale aliomba ageuziwe upande wa mlango, aione mesob. Tariku akamgeuza. Kulipokucha Jumamosi alikuwa amekwisha kuondoka, na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Abba Kidane aliposhuka kutoka safarini alikuta chama cha mazishi kimekwisha kusimamisha hema mbele ya nyumba. Worku alimpokea langoni, bila viatu. Hakumsalimu. "Abba," alisema, "nifungue."

Abba akauelewa msiba wote kwa kutazama lile hema. Akachomoa msalaba wake, akasoma maneno yake, akamgusa nao paji la uso, midomo na mkono wa kulia. Muda wote ule haukuzidi muda wa mtu kunawa mikono. Nilikuwa nimesimama pale na kikapu cha injera kichwani, na nilitamani nikitupe chini.

Tulimzika Askale na shuka lake jeupe. La Worku lilibaki kwenye kamba, mpaka mimi nilipokwenda kulianua.

Nyumba ya msiba haiwashi moto. Ni sisi wa chama tunaopika. Tuliporudi kutoka makaburini niliiweka mesob katikati, nikatandika sinia moja. Sikuuliza mtu. Mchuzi ulikuwa wa unga wa dengu na umetiwa chumvi nyingi, kwa sababu aliyeupika alikuwa analia. Abba akasali. Alipofika penye mkate wetu, nilisikia Tariku akishindwa kuendelea.

Tukanawa. Tukakaa: Worku, Tariku, Abba Kidane na mimi. Pale karibu na mlango, mahali pa Askale, hakuna aliyekaa. Kila mtu alimngoja mkubwa aanze. Worku alikuwa ameuweka mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa sinia, na mkono wa Tariku ulikuwa upande wa pili, lakini hakuna aliyemega.

"Zewdie," akasema Worku bila kuinua macho. "Lile tonge la Jumanne. Alilirudisha kwenye sinia?"

"Sikuona, baba Tariku. Nilikuwa nje."

Mvua ilianza kupiga hema.

"Nililila mimi," akasema Tariku. "Ulipotoka aliniambia, hili ni la baba yako, ulile wewe badala yake, lisilale. Akanilisha." Alikuwa anaitazama injera. "Halafu akataka kufinyanga la pili. Vidole vikakataa. Akajaribu mara nyingi, baba. Nikamwambia mama acha, basi, imetosha. Akasema haijatosha."

Worku akamega injera, kipande kikubwa mno, akakichovya, akakikunjakunja kwa vidole vyake vya mfumaji. Hakujua kulifinyanga, lilikuwa linamfungukia. Akalishika kwa mikono miwili, akalinyoosha juu ya sinia.

"Basi hili ndilo la pili," akasema.

Tariku akafungua kinywa. Nusu ilimwangukia kifuani, maana Worku alikuwa hajawahi kumlisha mtu maishani mwake. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe.